Chandarua cha Mwalimu wa Fukayosi

Habari niliipata Dunda, mbele ya karai la mafuta. Mama ninayenunua kwake samaki wa kukaanga aligeuza kipande cha nguru, akaniangalia, akasema bila kuzunguka, "Mzee, yule Mwalimu wako wa Fukayosi hatunaye. Kafariki jana asubuhi." Nikamuuliza mwalimu yupi, maana Fukayosi walimu ni wengi. Akanishangaa. "Yule wa bwawa la samaki. Si yule uliyemwandika, wa chandarua?" Basi, wasomaji wangu, nilibaki nimesimama pale na kifurushi changu mkononi, mafuta yanapenya karatasi hadi vidoleni, nikasema "Mungu amrehemu." Moyo uliniuma mara mbili. Kwanza, kwa kuondokewa na mtu niliyemheshimu. Pili, na hili ndilo lililonifanya nirudi nyumbani kwa miguu nikaacha bodaboda zinanipigia honi, ni kwamba mama yule, ambaye hajawahi kukanyaga Fukayosi, alimjua marehemu kwa jambo moja tu. Jambo lenyewe si kweli, na aliyelieneza ni mimi, hapa hapa kwenye safu hii.

Wanaonisoma tangu zamani wanaijua kanuni yangu: simtaji mtu kwa jina. Nimejivunia kanuni hiyo miaka mingi, nikijiona muungwana. Lakini ina ujanja wake. Kijiji kizima cha Fukayosi kilikuwa na mwanamke mmoja tu mwenye bwawa ambalo watu huenda kuvua kwa ndoana. Ukiandika "mama mmoja mstaafu mwenye bwawa" umeshamtaja yeye, baba yake na babu yake. Leo pia simtaji, nitamwita Mwalimu, kama alivyoitwa na kila mtu. Alizaliwa Mbinga, kwenye milima ile ambako watu huchimba bwawa la samaki bondeni kama sisi huku tunavyopanda mnazi uani, bila hata kujiuliza. Kazi ikamleta pwani, akafundisha sayansi shule ya msingi mpaka akastaafu. Mumewe akatangulia, na sote tukadhani atafunga virago arudi kwao. Hakurudi. Alikuwa na shamba lenye bonde, akachimbisha bwawa, kubwa kiasi cha nusu ya uwanja wa mpira, akatia perege. Baada ya muda watu wakawa wanatoka mjini, hata Dar, siku za Jumamosi, wanakaa ukingoni kwenye viti vya plastiki na ndoana zao, wanavua, wanachoma, wanapiga soga, wanakwenda zao. Yeye alizunguka kati yao na ndoo yake ya bluu, anamsalimia huyu, anamtania yule. Alipenda watu, na watu walimpenda.

Mimi nilialikwa na rafiki. Nilikwenda kwa kiburi kidogo, nakiri, maana mimi ni mtoto wa mvuvi wa Bagamoyo, na nani asiyejua kwamba sisi tumezaliwa na samaki mkononi? Marehemu baba yangu alikuwa mpole kwa kila kitu isipokuwa kimoja. Ukimletea nyumbani samaki mchanga, alikuwa anakurudisha naye pwani muda ule ule, hata kama jua linachoma mchanga. "Mrudishe kwa mama yake," ndiyo maneno yake. Chandarua kwenye maji, kwake, kilikuwa karibu na haramu. Alisema mtu anayekokota chandarua ufukweni anakula chakula cha wajukuu wake. Nilikua na maneno hayo, nikayashika kama nilivyoshika sala. Kwa hiyo siku ile, perege wangu wa kwanza alipotoka majini, mdogo kama kiganja cha mtoto, nilimchomoa ndoana taratibu, nikamrudisha. Nyuma yangu nikasikia sauti.

"Baba, mbona huyo unanirudishia?"

"Bado mdogo, Mwalimu. Namwacha akue."

"Hapa hatuachi. Mdogo ndiye ninayemtaka nje. Nipe kwenye ndoo."

Nikacheka, nikadhani ni mzaha wa watu wa bara. Kumbe hatanii hata kidogo. Baada ya saa moja hivi nikamwona yeye na binti yake wameingia upande wa maji mafupi, khanga zimekunjwa hadi magotini, wanakokota chandarua. Chandarua hasa, kile cha kitandani, kikuukuu, kimefuliwa hadi dawa yake ikaisha na rangi ikapauka. Walipokiinua kilijaa perege wadogo, wanarukaruka, wengi kiasi cha kujaza ndoo mbili. Wengine akawamwagia bata, wengine akawagawia majirani waliosubiri na mabakuli. Mimi niliona giza. Niliweka ndoana chini, nikaaga kwa baridi, nikaondoka. Na hapa ndipo penye kosa langu, wasomaji, wala msilitafute pengine: sikuuliza. Mtu mzima mwenye mvi, mwenye kujiita mwandishi, nilishindwa kumwambia mwenye bwawa, "Mwalimu, kwa nini?" Kuuliza kungenichukua dakika moja.

Badala yake nikaenda kuandika. Niliandika kwa hasira, na hasira ikiwa mbichi kalamu hukimbia yenyewe. Nilisema kuna mama mmoja mstaafu huko Fukayosi, tena mtu aliyefundisha watoto wetu sayansi, anafagia watoto wa samaki kwa chandarua kama anayefagia uwanja. Nilisema baba zetu wangelia. Mlinipongeza sana, msijifanye mmesahau. Mlinisimamisha barabarani, mlinipigia simu, mmoja akaniambia makala ile ibandikwe soko la samaki. Wala sikujua kilichokuwa kinaendelea kule Fukayosi, na sikutaka kujua. Mwenyekiti wa kijiji alikwenda kwa Mwalimu na gazeti mkononi, akamwomba kwa adabu akiweke ndani kile chandarua, kijiji kisije kikaonekana vibaya. Wageni wa Jumamosi wakapungua, na waliobaki wakawa wanarudisha kila samaki mdogo majini kwa mbwembwe, wanampiga picha kwanza. Kanisani alikuwa kiongozi wa akina mama. Wakaanza kumteta, kwamba huyu anayehubiri huruma mbona mwenyewe hana. Jumapili moja, baada ya ibada, akakabidhi funguo za stoo ya vyombo, akasema amechoka, wachague mwingine. Hakugombana na mtu.

Ikapita kama mwaka na kitu, siku moja simu ikalia asubuhi mapema. "Shikamoo, Mwalimu," nikasema. "Marahaba, baba. Kama una nafasi, njoo leo. Usichelewe." Nilidhani nakwenda kutukanwa, nikasema potelea mbali, nitakwenda nikatukanwe. Nilipofika mawingu yalikuwa yamefunga tangu jana yake, hakuna hata upepo. Bwawa lilikuwa kijani, kijani cha kisamvu kilichotwangwa. Juu ya maji midomo, maelfu ya midomo midogo imechungulia nje, inatweta. Ukingoni samaki wamekufa, wamelala ubavu, wamejipanga mstari. Binti yake alikuwa anawaokota kwa ndoo. Mwalimu alinikaribisha kama mgeni yeyote, akaniambia nikunje mkono wa shati.

"Tumbukiza mkono. Kiganja kilale, shuka mpaka kiwiko. Unakiona kiganja chako?"

"Sikioni. Hata kabla ya kiwiko sikuwa nakiona."

"Basi maji yamezidi. Kiganja kikipotea pale maji yanapogusa kiwiko, bwawa ni zima. Ukikiona chote mpaka chini, maji hayana chakula, unatia samadi kidogo. Kikipotea mapema kama hivi, unaacha kulisha na unaingiza maji mapya. Kijani hiki kikiwa kingi, usiku kinavuta hewa yote. Kukipambazuka na mawingu, samaki hawana pumzi."

Nikamuuliza kwa nini basi yamezidi, mtu mwenye ujuzi kama huo. Hakunijibu moja kwa moja. Alichota perege mmoja kutoka kwenye ndoo, mdogo, urefu wa kidole changu cha kati, bado anahema. Akaniuliza huyo ana umri gani. Nikasema mwezi, pengine miwili. Akatabasamu kile kitabasamu cha mwalimu anayemwona mwanafunzi amekosea pale pale alipotarajia. Akambonyeza shavuni kwa kidole gumba, mdomo ukafunguka, na kutoka mdomoni mwa kile kisamaki yakamwagika mayai ya manjano kiganjani mwake, madogo kama punje za mtama.

"Huyu ni mama," akasema. "Perege analea mdomoni. Wakiwa wengi na chakula kidogo, hawakui, wanazaa tu. Anadumaa, anazaa, watoto wanadumaa, nao wanazaa. Wewe unasema mrudishe kwa mama yake. Mama yake ndiye huyu, baba. Ulikuwa unarudisha mabibi."

Nilitaka ardhi ipasuke. Akaendelea taratibu, bila kuinua sauti, kama yuko mbele ya ubao. Akasema baba yangu alikuwa sahihi, na mwenye kuingiza chandarua baharini anastahili kusemwa, hata yeye angemsema. Lakini bahari haina ukuta, samaki akizidiwa anahama. "Mimi hapa nina kingo nne. Nisipowapunguza mimi, watapunguzwa na asubuhi kama hii." Mwaka mzima hakuwa amepunguza, kwa sababu aliombwa asipunguze, na aliombwa kwa sababu ya maandishi yangu. Hilo hakulisema. Hakuwa na haja ya kulisema, lilikuwa limelala pale ukingoni, kila mtu analiona. Nikamwambia, "Nimekosa, Mwalimu. Nitaandika. Nitasahihisha." Akasema, "Andika ukipata nafasi," akainama kuendelea kuokota samaki wake.

Nafasi nilipata. Nilipata nafasi ya kuandika kuhusu mashimo barabarani, kuhusu harusi za siku hizi, kuhusu bei ya nazi, hata kuhusu jogoo wa jirani yangu niliandika. La bwawa sikuandika. Wiki ya kwanza nilijiambia acha nitafute maneno mazuri. Wiki ya tatu nilijiambia watu wameshasahau, kwa nini niwakumbushe. Ukweli ni mmoja: niliogopa kuchekwa. Mtoto wa mvuvi, afundishwe samaki na mama wa milimani! Yeye alifanya kazi yake. Alilikausha bwawa mpaka tope likapasuka, akatia chokaa, akajaza maji upya, akapanda vifaranga wa perege kwa kuwahesabu, na baadaye akaongeza kambale wachache wawe wanakula wanaozaliwa kupita kiasi. Bwawa likarudi. Mara moja moja mtu akitoka Fukayosi alinifikishia perege mmoja mzito, amefungwa kwenye jani la mgomba: "Mwalimu anakusalimu." Hakuna la zaidi. Nilimpika, nikamla, na kila nilipomla niliapa kwamba wiki hii naandika. Enyi watu! Kuna kuadhibiwa kwa fimbo, na kuna kuadhibiwa kwa kitoweo.

Nimekuwa nikiwaza, tangu siku ya karai, ni kwa nini kosa hili lilikuwa rahisi kwangu. Nadhani sisi watu wa pwani tumerithi sheria moja nzuri, na kwa kuwa ni nzuri hatujawahi kuiuliza mipaka yake iko wapi. Siku hizi bahari inatoa kidogo, na kila anayestaafu anachimba bwawa. Ukitoka mjini kwenda Fukayosi, ukapanda juu mpaka Mkange, utayaona, mengine mazuri, mengine yamebaki mashimo ya vyura. Watu wanamwaga vifaranga kama wanamwaga mchele sufuriani, wanaongeza pumba na samadi kila siku kwa mapenzi, wanakataza mtu kugusa mdogo, halafu mwisho wa yote wanavuna samaki wadogo wa kujazia kachori. Wanasema wamerogwa. Hawajarogwa. Wamehurumia bila kujua, kama nilivyohurumia mimi. Na tulikuwa na mtu wa kumuuliza, kilomita chache tu. Tunapenda kusema mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuja na dawa mkononi, mwenyeji akamwandika gazetini.

Maziko sikuyawahi, nilifika siku ya kuanua matanga. Watu walikuwa wengi, wa kanisani na wa msikitini, kama ilivyo kwetu. Nilikaa jamvini karibu na mwenyekiti wa kijiji, yule yule wa gazeti, sasa kazeeka. Akanitikisia kichwa akasema, "Mama mwema sana yule. Ila tu lile la chandarua." Baadaye kidogo binti wa Mwalimu, ambaye sasa ni mama mtu mzima, akaja kunisalimia, akaniomba nimsindikize bwawani. Tulipofika akasema kwa sauti ya chini, "Baba, mama alikuwa anapunguza samaki kila mwezi. Alikuwa anaingia alfajiri, kabla watu hawajapita njiani, asionekane. Tangu augue ni miezi mitatu hakuna aliyepunguza. Mimi naogopa kuingia na chandarua. Watasema mama kafa, mwana kaanza."

Asionekane. Miaka yote ile niliyokuwa nakula perege wake, mwanamke yule alikuwa anavua kama mwizi kwenye bwawa alilolichimba mwenyewe, akiwahi kabla ya macho ya watu, na macho hayo niliyafungua mimi. Sikujua hilo mpaka dakika ile. Nilichuchumaa ukingoni, nikakunja mkono wa kanzu, nikatumbukiza mkono. Kiganja changu kilipotea kabla ya kiwiko. Siyo kama asubuhi ile mbaya, lakini njia ilikuwa ile ile. Nikasimama nikamwambia, "Kilete chandarua." Akauliza, "Sasa hivi? Na watu wote hawa?" Nikasema, "Sasa hivi, kwa sababu ya watu wote hawa."

Nilivua viatu, nikafunga kanzu kiunoni, nikaingia kwenye tope. Msibani habari haina miguu lakini inafika. Baada ya muda mfupi nusu ya jamvi ilikuwa ukingoni, wengine wanacheka, wengine wameshika midomo. Nikawaambia kwa sauti, maana nilijua nikinyamaza tena nitanyamaza mpaka kaburini: "Aliyeandika habari ya chandarua ni mimi, na nilikosea. Mwalimu alikuwa anaokoa bwawa lake. Mimi nilikuwa sijui kitu." Chandarua kinavutwa na watu wawili, na binti wa Mwalimu alikuwa ameshikwa na kilio, hawezi. Mwenyekiti akavua kofia yake akampa mtu, akakunja suruali, akashuka majini akashika ncha ya pili. Akasema, "Vuta taratibu, Mzee, tope linateleza." Tulikokota mara tatu. Wadogo wakatoka ndoo nne. Akina mama wa kanisani, wale wale, waliwapaa, wakawakaanga, na watu wa matanga wakala.

Niliporudi Dunda nilipitia kwa mama wa karai, nikamweleza yote, kuanzia mayai mdomoni hadi mwenyekiti alivyoshika ncha ya chandarua. Alisikiliza hadi samaki mmoja akamuungulia. Akasema, "Kumbe! Na mimi miaka yote namsema bure. Basi liandike, Mzee, na liandike refu kama lile la kwanza." Nimeliandika. Jueni, na mwambieni na yule aliyetaka makala yangu ibandikwe sokoni, kwamba mama wa Fukayosi hakukosa, aliyekosa ni mwenye safu. Na kama kuna mmoja wenu leo ana hasira na bwawa la mwenzake, au nyumba yake, au kazi yake, ninamwomba afanye nilichoshindwa kufanya mimi: akunje mkono wa shati, atumbukize mpaka kiwiko, ndipo aseme.

Nimechelewa, Mwalimu. Wadogo tumewatoa, mchana, watu wakituona.